Mgonjwa wa Figo Anywe Maji Kiasi Gani?



Somo hili lina deni ndani yake, na mdaiwa ni mimi mwandishi. Kwa miaka mingi nimezunguka vikundi vya kujisaidia huku Ukambani nikifundisha afya ya nyumbani. Kila nilipofika kwenye habari za figo nilisema maneno yale yale: kunyweni maji mengi, maji husafisha figo. Watu waliandika kwenye madaftari, tukanywa chai, tukaenda nyumbani.

Katika kikundi kimoja alikuwako mama mwenye ugonjwa wa sukari wa siku nyingi. Hospitali ilikuwa imemwambia kwamba figo zake zimechoka, basi aliposikia somo langu alilishika kwa mikono miwili. Alijaza chupa kubwa asubuhi, akajaza tena mchana, hata ikawa anakunywa lita nne kwa siku. Miguu ikaanza kuvimba. Patipati zikakataa kumwingia. Baadaye akawa hawezi kulala chali, analala ameketi kwenye kiti, na usiku mmoja pumzi ikakata kabisa. Majirani walitafuta gari saa nane za usiku. Hospitali ilikuta maji yamejaa hadi kwenye mapafu.

Mama huyo alipona, na sasa anasafishwa damu kwa mashini mara mbili kwa wiki. Nilipokwenda kumwona aliniambia bila hasira, "Mwalimu, nilifuata kama ulivyofundisha. Hata nilizidisha kidogo."

Hadithi haikuishia hapo. Aliporudi kikundini alitoa ushuhuda kwamba maji karibu yamuue, na kwamba daktari amempimia chini ya lita moja kwa siku. Alikuwako mzee mmoja ambaye kliniki ya presha ilimwambia kuwa ana ugonjwa wa figo pia, hatua ya tatu. Mzee akaogopa. Naye akaanza kunywa lita moja tu. Ilikuwa mwezi wa Novemba, wakati wa kupalilia, jua kali. Mgongo ulipomuuma alinunua vidonge vya maumivu dukani. Siku ya nne alizirai shambani, akapelekwa kutiwa maji ya mshipa. Kipimo kilionyesha figo zimeshuka sana kuliko zilivyokuwa, na ilichukua wiki kadhaa kabla hazijarudi karibu na pale zilipokuwa.

Watu wawili, ugonjwa wenye jina moja, na kila mmoja aliumizwa na shauri lililomfaa mwingine. Ndiyo sababu ya somo hili.

(Kiongozi wa kikundi: simama hapa kwanza. Uliza, "Ni nani kati yetu aliyewahi kuambiwa anywe maji mengi kwa ajili ya figo? Aliambiwa na nani?" Waache watu wazungumze.)

FIGO HUFANYA KAZI GANI

Kila mtu ana figo mbili, kila moja kama ukubwa wa ngumi, nyuma ya tumbo chini ya mbavu. Damu hupita humo mchana na usiku. Kwa siku moja figo za mtu mzima huchuja kama lita 180. Hiyo ni mitungi tisa ya lita 20! Karibu maji hayo yote hurudishwa mwilini, na kinachotoka kama mkojo ni lita moja hadi mbili tu, pamoja na uchafu ambao mwili hauutaki. Figo ndizo pia zinazoamua chumvi kiasi gani ibaki.

Ugonjwa wa figo wa muda mrefu ni pale vichujio hivi vinapokufa kidogo kidogo, mara nyingi kwa miezi na miaka bila maumivu. Visababishi vikubwa ni ugonjwa wa sukari na presha. Vichujio vilivyokufa havifufuki kwa maji. Hapa ndipo mimi nilipokosea: nilidhani figo ni kama sufuria, ukiongeza maji inatakata zaidi. Kule Ontario, Kanada, madaktari walilijaribu jambo hili kwa wagonjwa 631 wa hatua ya tatu. Baadhi yao walihimizwa kunywa maji zaidi ya kawaida yao, wengine waliendelea na desturi yao. Baada ya mwaka mmoja, figo za waliozidisha maji hazikuwa zimehifadhika kuliko za wenzao. Matokeo yalitolewa mwaka 2018.

Sasa sikilizeni jambo ambalo huwashangaza wengi. Figo inapoanza kuugua, mara nyingi si kwamba haitoi maji. Inashindwa kuyazuia. Mgonjwa huamka usiku mara mbili, mara tatu kwenda haja ndogo. Mtu kama huyu anapoteza maji, na ukimnyima unamkausha. Ni baadaye sana, vichujio vikibaki vichache, ndipo mkojo hupungua na kila kikombe anachokunywa hukaa mwilini.

HATUA ZA UGONJWA

Kliniki hupima damu kisha huhesabu kazi ya figo kwa namba. Namba chini ya 60 inayodumu kwa zaidi ya miezi mitatu ni ugonjwa. Kati ya 30 na 59 ni hatua ya tatu. Kati ya 15 na 29 ni hatua ya nne. Chini ya 15 ni hatua ya tano, na wengi wa hawa ndio hufikia mashini au kupewa figo ya mtu mwingine.

Wagonjwa wengi wa hatua za kwanza hadi ya tatu hawahitaji kupunguza maji wala kujilazimisha. Wanywe kwa kufuata kiu, na siku za jua na jembe waongeze. Wazee wachunge zaidi, kwa maana mzee hasikii kiu vizuri kama kijana. Afadhali awe na kikombe chake cha maji kila anapokula. Hatua ya nne ni ya kuuliza kliniki. Hatua ya tano, na hasa mtu wa mashini ambaye mkojo wake umepungua, ni ya kupima kwa mililita.

Lakini msiichukue hatua peke yake kama sheria. Mtu mwenye moyo dhaifu au anayevimba anaweza kupunguziwa maji mapema. Mwenye mawe ya figo kwa kawaida huambiwa anywe mengi. Kwa hiyo kila mgonjwa aulize kliniki maswali matatu na aandikiwe majibu kwenye kitabu chake: Niko hatua gani? Ninywe kiasi gani kwa siku? Uzito wangu unapaswa kuwa kilo ngapi? Usiogope kumsumbua daktari. Swali la maji ni la dakika mbili.

JINSI YA KUPIMA

Kwa mtu aliyeambiwa apunguze, hesabu inayotumika mara nyingi ni hii: mkojo wa siku nzima, ongeza nusu lita. Nusu lita hiyo ni kwa sababu tunapoteza maji pia kwa jasho na pumzi.

Mkojo hupimwa hivi. Asubuhi ukiamka, haja ya kwanza imwage. Baada ya hapo kila haja iende kwenye chombo kimoja, mchana na usiku, mpaka kesho yake asubuhi saa ile ile, pamoja na haja ya kwanza ya asubuhi hiyo. Kisha pima kwa chupa ya nusu lita. Tuseme umepata mililita 400. Ongeza 500, jumla ni 900. Hicho ndicho kipimo chako, ukikionyesha kwanza kliniki wakikubali.

Yule mama ana njia yake ambayo nimeipenda kuliko zote nilizosoma vitabuni. Asubuhi anajaza maji kipimo chake chote kwenye chupa moja na kuiweka mezani. Akinywa maji, anayatoa humo. Akinywa kikombe cha chai, anamwaga kikombe kama hicho kutoka kwenye chupa, anamwagilia sukuma wiki yake. Chupa ikiisha, siku imeisha. Haitaji kalamu wala hesabu, na wajukuu wamekuwa walinzi wakali!

Kumbukeni kwamba maji si yale ya kwenye glasi pekee. Chai ni maji. Uji ni maji, maziwa ni maji, na supu, soda, mchuzi mwingi, barafu na kipande kikubwa cha tikitimaji pia. Na vidonge humezwa kwa maji: mtu mwenye dawa za mara tatu kwa siku anaweza kumaliza robo lita kwenye vidonge peke yake. Ameze pamoja na uji wake.

Tena msiamini macho kuhusu vikombe. Tulipopima katika kikundi chetu, kikombe kimoja cha bati kilibeba mililita 250 na kingine 500, na wenye navyo wote wawili walisema wanakunywa "kikombe kimoja tu".

Mizani husema ukweli zaidi. Lita moja ya maji ni kilo moja, na mwili haunenepi kwa siku moja. Mgonjwa wa mashini ajipime kila asubuhi baada ya haja, kabla ya chai, nguo zile zile. Kati ya kusafishwa mara moja na nyingine, uzito usiongezeke zaidi ya kama asilimia 4 ya uzito wake mkavu. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni kilo 2 na gramu 400. Akizidisha, mashini italazimika kuvuta maji mengi kwa saa nne, na hapo presha hushuka, misuli hukakamaa, na moyo huteswa. Anayesafishwa Jumatatu na Alhamisi awe mwangalifu hasa kuanzia Alhamisi, kwa sababu pengo hilo ndilo refu. Kikundi kinaweza kununua mizani moja ya kusimamia. Ile ya kupimia magunia ya mahindi haitafaa, msijaribu.

CHUMVI NDIYO MAMA WA KIU

Ningependa sehemu hii isomwe mara mbili. Kumwambia mtu asinywe maji huku unampa chakula chenye chumvi nyingi ni kumtesa bure. Mwili hauwezi kubeba chumvi kavu. Kila chumvi inayoingia huita maji yake. Yale maji ya mshipa ya hospitalini yana gramu 9 za chumvi katika kila lita, karibu sawa na damu. Kwa hiyo mtu ambaye figo zake hazitoi chumvi, akila gramu 9 atasikia kiu mpaka anywe karibu lita moja. Si tamaa. Ni mwili unaodai.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kwa chakula chote. Hesabuni sasa: chumvi ya kwenye isyo, ya kwenye mboga, vile vipande vya kuongeza ladha ya mchuzi, mkate wa dukani, viazi vya pakiti, mahindi ya kuchoma yaliyopakwa chumvi na pilipili. Magadi ya kulainisha maharagwe pia ni chumvi ya aina yake; ina sodiamu ile ile inayoleta kiu.

Wasomaji wetu wa magharibi mwa Kenya wana ile chumvi ya majivu ya kupikia mboga za kienyeji. Hiyo hatari yake ni nyingine. Majivu yana madini ya potasiamu, na figo iliyochoka haiwezi kuyatoa. Potasiamu ikizidi katika damu inaweza kusimamisha moyo ghafla. Vivyo hivyo chumvi ya pakiti inayouzwa mjini ati "haina madhara kwa presha": nyingi imetengenezwa kwa potasiamu. Mgonjwa wa figo asiinunue bila kuuliza kliniki.

Kuna jambo jingine la huku kwetu. Visima vingi vya kuchimbwa Kitui na Makueni hutoa maji ya chumvi. Mgonjwa akipimiwa mililita 900 za maji kama hayo, kiu haitaisha. Ikiwa kikundi chenu kina tangi la maji ya mvua, tengeni mtungi mmoja wa mgonjwa kila wiki, wa kunywa na wa kupikia.

Jikoni, njia rahisi ni kupika bila chumvi, kutoa sehemu ya mgonjwa, kisha wengine wajitilie kidogo mezani. Vitunguu, dania, tangawizi, pilipili na ndimu hutia ladha. Wiki mbili za kwanza chakula huonekana kama dawa. Baadaye ulimi huzoea, na familia nzima yenye presha hufaidika.

Mwenye ugonjwa wa sukari ajue pia kwamba sukari ikipanda kwenye damu, kiu hupanda nayo. Kabla ya kumlaumu kwamba hana nidhamu, apimwe sukari.

Kiu ikibaki, kuna mambo madogo ya kusaidia: kusukutua mdomo kwa maji baridi na kutema, kunyonya kipande kidogo cha ndimu, kupiga mswaki, kutumia kikombe kidogo na kunywa polepole. Watu wengine hugandisha maji yao wakinyonya barafu. Hudumu mdomoni zaidi, ila ihesabiwe.

CHAI YA KIKUNDI

Nilimwuliza yule mama ni nini kigumu zaidi. Nilitarajia aseme kiu. Akasema, "Ni chai za watu."

Sote tunajua. Huwezi kuingia nyumba ya mtu ukatoka bila kunywa kitu. Ukikataa, unaonekana una kiburi au una kisa na mwenye nyumba. Mama huyu alikuwa akienda mkutano wa kikundi, akitoka anapitia matanga, halafu kwa dada yake. Vikombe vitatu vilivyojaa, na hajafika nyumbani. Wakati mwingine alikuwa akibaki nyumbani siku za mkutano ili asiaibike, na michango yake akimtuma mtoto.

Kikundi kilipolisikia hili kiliweka desturi mpya. Wanaopika chai humwekea kikombe kidogo, nusu, bila kumwuliza mbele ya watu. Wengine waliamua kwamba wakienda kumtembelea hawabebi tena soda na pakiti za juisi. Badala yake huchanga nauli. Nauli ya kwenda kwenye mashini mara mbili kila wiki ndiyo inayowashinda wengi, hata pale bima inapolipia matibabu. Tangu Oktoba 2024 bima ya umma ni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF; kikundi kihakikishe mgonjwa amesajiliwa na malipo yake hayajakatika. Matunda pia yaulizwe kwanza: ndizi, machungwa na parachichi yana potasiamu nyingi.

Kuhusu kufunga na kuomba: mgonjwa wa figo asifunge bila maji kabla ya kuzungumza na kliniki na mchungaji wake. Na mtu asimwambie kuwa imani yake ni ndogo.

MAMBO YA KUKIMBILIA HOSPITALI

Mgonjwa akikosa pumzi anapolala, au akiamka usiku kama anayezama, apelekwe usiku ule ule. Msingoje siku yake ya mashini. Uso na miguu kuvimba upesi, au uzito kupanda kilo mbili kwa siku mbili, apigie kliniki simu. Moyo kudunda ovyo na mwili kulegea ghafla ni dharura pia.

Upande wa pili, akiharisha au kutapika, akisikia kizunguzungu anaposimama, mkojo ukiwa mweusi na mchache kuliko kawaida yake, anakauka. Hata kama alipimiwa maji, siku hiyo kipimo kinabadilika, na baadhi ya vidonge vya presha huenda vikahitaji kusimamishwa kwa muda. Aende kliniki siku hiyo hiyo akaelekezwe. Na vidonge vya maumivu vya dukani kama diclofenac na ibuprofen, pamoja na dawa za mitishamba za "kuosha figo", wagonjwa wa figo waviache kabisa.

Yule mzee sasa anabeba chupa yake shambani, anakaa chini ya mwembe kila baada ya mistari michache, anakunywa. Juzi alipomwona mama anamwaga maji kwenye sukuma wiki alimwambia, "Mama, nipe mimi hayo." Wakacheka wote wawili.

KWA MAJADILIANO

Katika kikundi chetu, ni nani anayehitaji kunywa zaidi na ni nani aliyepimiwa? Tunajua kwa kuwa kliniki ilisema, au tunakisia?

Maji yetu ya kunywa yana chumvi? Tunaweza kupata wapi maji ya mvua kwa mgonjwa wakati wa kiangazi?

Mgeni akikataa chai yetu, tumjibu vipi?

Mkutano ujao kila mmoja aje na kikombe anachonywea nyumbani, na mmoja wenu alete chupa ya nusu lita. Pimeni vyote, na kila mtu aandike kipimo cha kikombe chake kwa rangi chini ya kitako.